Mpaka Shauri Liishe

Jumatano ile niliamka na ugomvi mdomoni. Mume wangu, Ouma, alikuwa amenunua mabati ya kuezekea chumba tulichokuwa tukijenga Likoni, ng'ambo ya kivuko, na mabati yenyewe yalikuwa yamelazwa chini, hayajapigiliwa. Mabati ya namna hiyo hayaachwi peke yake. Mwenyewe asipolala karibu nayo, asubuhi atayakuta juu ya nyumba ya mwingine. Kwa hiyo alisema akitoka kazini Shimanzi, alikokuwa seremala kwenye ghala, angevuka moja kwa moja akalale huko.

"Na mimi nani atanilinda?" nikamuuliza.

"Wewe?" Akacheka. "Mwizi akikuingilia wewe, yeye ndiye wa kuonewa huruma."

Nikamfungia mahamri, akambeba binti yetu Neema kidogo, akamweka chini, akashuka ngazi. Tulikuwa tumepanga chumba cha juu Mji wa Kale, kwa Bi Mwanaisha, mjane wa Kiislamu aliyetugombeza kila tulipomwaga maji ngazini na kutuletea futari kila Ramadhani, ingawa alijua vyema kwamba sisi ni watu wa kanisani.

Asubuhi yake Bi Mwanaisha alinizuia mlangoni.

"Usitoke, mwanangu. Wasema ng'ambo kumeharibika. Watu wa bara wachinjwa, na nyumba zachomwa."

Ulikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa tisini na saba. Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa pwani. Ouma alikuwa Mjaluo, mtu wa bara. Kabla ya siku hiyo tofauti hiyo ilitugombanisha jikoni tu, mimi nikitaka samaki wa nazi na yeye akitaka wa kukaanga. Sasa ikawa na maana moja tu. Huko alikolala, mimi ningeweza kupita, yeye asingeweza.

Nilimwachia Bi Mwanaisha mtoto, nikakimbilia kivukoni. Moshi ulikuwa umetanda upande wa pili, na milio ya bunduki ilitufikia juu ya maji. Kila feri iliyofika ilimwaga watu na magodoro, cherehani, kuku. Mwanamke mmoja alikuwa amekumbatia sufuria ya ugali ambao haujaiva. Nilimshika kila mwanamume mkono nikimuuliza kama amemwona Ouma fundi.

"Mama," mmoja akaniambia, "hatukuwa tukitazamana sura."

Jioni niliwakuta wanawake wa kanisa letu la Tudor wamekusanyika. Sisi tuna desturi yetu, tunaiita kufungua Zaburi. Nyumba ikipatwa na jambo, mwenye jambo hufumba macho, hufungua Biblia katikati na kuweka kidole. Zaburi atakayoiangukia ndiyo yake. Ataiomba asubuhi na jioni, wala haibadilishi, mpaka shauri liishe. Wengi huangukia zile za kumshukuru Mungu, au ile ya kuinua macho milimani, wakaondoka na uso mkunjufu.

Kidole changu kiliangukia ya themanini na nane.

Anayeijua anajua nilivyoshtuka. Zaburi nyingine huanza kwa kilio zikaisha kwa sifa. Hii huanza kwa kilio, huendelea kwa kilio, na huishia gizani. Mwombaji anajihesabu pamoja na waliokufa, anamwambia Mungu kwamba wapenzi wake wamewekwa mbali naye, kisha basi. Hakuna Amina ya kupoza moyo.

"Nifungue tena," nikasema. "Kidole kiliteleza."

Mama Mghoi, Mtaita aliyekuwa kiongozi wetu, akafunga Biblia. "Zaburi haichaguliwi kama nyanya sokoni, Kadzo. Nenda nayo."

Nilimchukia kabisa. Nilirudi nyumbani nikajaribu kujipatia nyingine kwa mlango wa nyuma. Nikasoma ya tisini na moja, ile inayoahidi kwamba maelfu wataanguka ubavuni pako na wewe hutaguswa. Zamani niliipenda mno. Safari hii nilikwama kwenye hao maelfu. Kila mmoja wao alikuwa na mke wake mahali fulani, amepiga magoti, anasoma maneno hayo hayo. Mungu alimjibu nani kati yetu? Nikaifunga, nikarudi kwenye ile yangu, nikaisoma kwa sauti ya hasira.

Bi Mwanaisha alikuwa amekaa kitandani na Neema mapajani, anasikiliza.

"Ni katika Zaburi ya Nabii Daudi hiyo?"

"Ndiyo, Bi. Lakini ni mbaya. Haina tumaini."

"Huyo asemaye amechoka kama wewe. Mwache aseme." Akamfunika Neema miguu. "Angekuwa hana tumaini, angekuwa asema na nani?"

Jumamosi nikaamua kuvuka. Bi Mwanaisha alinisihi nisiende, na alipoona siambiliki akavua buibui lake akanivisha kwa mikono yake.

Feri ya kwenda ilikuwa karibu tupu.

Nilipita vibanda vilivyochomwa. Mbwa alikuwa akila kitu, nikageuza uso.

Kwenye kona ya kuingilia kwetu walitokea vijana wenye mapanga.

"Waenda wapi?"

Nikawajibu kwa Kigiriama. Nikasema namtafuta jamaa yangu.

Mmoja akanitazama miguu, akatazama uso. Alikuwa na umri wa mdogo wangu wa mwisho. Moyoni sikuwa na maombi yoyote, isipokuwa yale maneno ya giza, yakijisema yenyewe.

"Rudi, dada," akasema. "Huko hakuna mtu."

Nikaomba nione tu. Wakaniacha niende mpaka penye mkorosho wa mbele ya kiwanja chetu, wakinisimamia. Kuta zetu zilikuwepo. Mabati hayakuwepo, wala Ouma.

Nikarudi.

Nilimtafuta hospitalini na chumba cha maiti. Nilimtafuta kwenye viwanja vya makanisa kisiwani, wakimbizi walikolala chini. Wenzake wa ghalani Shimanzi waliniulizia kwa kila dereva wa lori. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyemwona amekufa. Wiki zikawa miezi. Nilikuwa sina la kulilia wala la kushangilia, na machozi yalikataa kabisa.

Mwaka uliofuata shemeji yangu Okoth akaja kutoka Siaya. Alikaa ukingoni mwa kiti bila kugusa chai.

"Shemeji, wazee wamesema tumzike."

"Mtazika nini?"

Akanieleza. Kwao mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa tunda la mti wa yago, refu na zito, mahali pa mwili. Akizikwa hivyo, huyo amekufa. Asipozikwa, huyo anatangatanga, na nyumba yake haitulii. Lakini mke lazima akubali.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Kukubali kulikuwa kama kumuua kwa mdomo wangu. Kukataa kulikuwa kumlea Neema akitazama mlango. Nikamwomba Mungu anifahamishe, maana msaada nilikwisha kuomba na sikuupata. Ufahamu nao haukuja. Nikakubali bila ufahamu, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuamka kila feri ilipopiga honi.

Huko Siaya walilifunga tunda kwa shuka nyeupe wakalishusha kaburini kwa kamba, wanaume wanne, na lilikuwa zito kweli. Hapo ndipo nilipolia, mimi mtu mzima, nikalililia tunda la porini mpaka wakanishika. Mchungaji alitarajia nisome ile ya Bwana ndiye mchungaji wangu. Nilisoma ya themanini na nane hadi neno la mwisho, nikakaa.

Tangu siku ile naitwa mjane, nami naitika. Wanawake wa Tudor waliniambia sasa naweza kuiacha Zaburi yangu, shauri limekwisha. Niliwashukuru. Asubuhi naisoma, jioni naisoma. Mungu mwenyewe hajaniambia kwamba limekwisha.