Wapasua mbao wa Mafinga wanaolinda kibakuli cha Mama Happy

Mchana umefika Mafinga na misumeno imenyamaza. Wapasua mbao wamejaa kwenye mabenchi ya kibanda cha chakula cha Mama Happy, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Ugali unafuka moshi na hakuna anayeugusa. Wote wanamtazama mpishi.

Verediana, ambaye hapa anaitwa Mama Happy, anachota mboga ya chainizi kwa kibakuli kidogo cha bluu, anaisawazisha kwa kisu, kisha anaimimina kwenye sahani yake mwenyewe.

"Umejaza, mama," anasema Sosthenes, mwendesha msumeno mwenye sauti kubwa kama mashine yake.

"Nimejaza wapi? Ni njaa yako hiyo!"

"Punguza. Hatutaki kuzika mpishi."

Anatoa jani moja. Wanacheka, ndipo wanaanza kula.

Mwaka juzi viungo vilimuuma kwa muda mrefu, kisha mguu wa kushoto ukavimba "kama gogo la msindano". Yeye alilaumu kusimama jikoni. Hospitalini Iringa wakakuta damu imeganda kwenye mshipa.

Vipimo vilionyesha ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Pia damu yake ilikuwa na kingamwili za aina inayoashiria kuwa ni rahisi kuganda. Baada ya miezi mitatu walipima tena. Zilikuwepo bado.

"Daktari alisema ni kama mgambo," anasimulia. "Umewaweka wakamate wezi, wao wanafunga kamba wenye nyumba. Nikamuuliza, kwani hawalali? Akasema hawa hawalali."

Bonge jingine la damu likisafiri hadi mapafuni, aliambiwa, linaweza kumuua. Akapewa dawa ya kuzuia damu isigande, na sharti: mboga za majani zikizidi hupunguza nguvu ya dawa hiyo, kwa hiyo ale kiasi kilekile kila siku.

Sharti hilo halikuwafikia majirani. Wao walisikia tu kuwa Mama Happy ana tatizo la damu, na huku mwenye tatizo la damu hupelekewa majani. Wanakwaya wa kanisani walileta mnafu kwa ndoo. Jirani yake, Mama Esnath, alileta tembele na kukaa hadi sahani iishe.

"Kamwene, mgonjwa! Kula, damu iongezeke."

"Damu ninayo, mama. Inaganda tu."

"Basi kula ilainike!"

Angekataaje? Alikula yote, na mguu ukavimba upya. Kwa hasira akaacha majani kabisa. Kliniki iliyofuata damu ikawa nyepesi mno, fizi zinavuja akipiga mswaki.

Kibandani nako kukazuka jambo. Wateja waliona mpishi hagusi mboga anayowauzia.

"Tulijua kaweka kitu," anakiri Sosthenes. "Mimi nilishushia ugali kwa chumvi, na maombi."

Nusu ya benchi ilihamia kwa muuza chipsi. Ndipo Mama Happy, mwanamke mwenye haya anayeongea akitazama sufuria, alipolazimika kusimama mbele ya wanaume wale na kueleza damu yake ilivyo, na sharti la daktari.

Kisha Sosthenes akauliza, "Kama ni kipimo tu, si tupime? Sisi tunaishi kwa vipimo." Kibakuli kikachaguliwa siku hiyo hiyo, na daktari akakikubali. Tangu hapo kliniki hazijaleta habari mbaya. Mama Esnath siku hizi analeta ndizi.

Mwezi ujao Happy, binti yake, anaolewa na Kulwa, kijana wa familia ya wafugaji huko Madibira. Daktari amesema mama anaweza kusafiri kama kipimo cha wiki ijayo kitakaa sawa, na basi likisimama ashuke atembeetembee.

Kipimo hakimtishi sana. Kinachomtisha ni sahani ya ukweni, ambayo haiachwi na kitu.

"Nimeshampigia mama yake Kulwa," anasema, akifuta mikono kwenye kanga. "Nimemwambia, mkwe wangu, mboga yangu naja na kibakuli chake. Wali jazeni tu, daktari hajausema. Nikaogopa nimemuudhi. Halafu akauliza, 'Na kuku je?'"

"Ukamjibuje?" anauliza Sosthenes.

"Nikamwambia, kuku hana majani."