Bolti ya Chini, Upande wa Kushoto

Siku tuliyompeleka mama hospitalini, hakulia kwa sauti. Kila tairi la mbele lilipoingia shimoni alishika mkanda wa kiti na kusema "Yesu" polepole, na barabara ya kushuka kwetu Kilungu haina uhaba wa mashimo. Mimi niliyekuwa nimeshika usukani nilitamani kushuka nilibebe lile gari mabegani.

Wiki tatu baadaye daktari alituambia ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa ya mgongo, na kwamba kilichobaki ni dawa za maumivu tu. Mama alisikiliza yote, kisha akaomba jambo moja: arudi akafie nyumbani kwake. Tukakubaliana nimchukue Jumamosi. Gari la kukodi hakulitaka. Alitaka hili kuukuu alilotuachia marehemu baba, kwa sababu kiti chake cha mbele kinalala chote na mgongo wake ulishakizoea.

Basi Ijumaa nikalipeleka Kasikeu, kwa fundi ambaye pia ni mzee wa kanisa, abadilishe shokomzoba za mbele, zile zinazomeza vishindo vya barabara. Za zamani zilikuwa zimekufa kabisa. Ukilikandamiza gari kwa mkono lilinesanesa kama kitanda cha kamba. Fundi aliingia chini, akakaa huko kitambo, akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Mwalimu, hii gari ilikaa Mombasa kabla mnunue?"

"Miaka mingi."

"Ni chumvi. Imekula hizi bolti. Tutaenda nazo pole pole."

Kila shokomzoba ilishikwa chini na bolti mbili. Alizisugua zote nne kwa brashi ya waya, akazigongagonga vichwa kwa nyundo ndogo, akazimwagia dizeli aliyoichanganya na mafuta ya breki, kisha akazifunga matambara yaliyolowa. Akaniambia niende nyumbani. Nilidhani ananitania. Kumbe kwake hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuiacha bolti inywe hadi kesho.

Jumamosi asubuhi tatu zilikubali. Alizizungusha kidogo mpaka zikalia, akazirudisha nyuma, akaongeza mafuta, akazizungusha tena. Ya nne, ile ya chini upande wa kushoto, ilikataa. Saa nne akaitwa kanisani wakapange viti vya harusi. Alifuta mikono akaninyooshea kidole.

"Hii imekunywa lakini haijashiba. Usiiguse, mwalimu. Saa saba nitakuwa nimerudi."

Mimi sina subira. Wanafunzi wangu wanajua, na mume wangu anajua zaidi. Hata hivyo ningeweza kukaa pale nikanywa chai, lau mama hangenipigia simu saa tano.

"Nimeshavaa," alisema. "Nimekaa kitandani na mkoba wangu. Uko wapi?"

Nilimwona kama niko naye, na lile gauni lake la samawati la Jumapili, akiutazama mlango wa wodi. Nikachukua spana. Nikachomeka lile bomba la chuma ambalo fundi huongezea urefu, nikalikalia kwa uzito wangu wote. Likashuka kwa mlio. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaona kichwa cha bolti kimebaki ndani ya spana, peke yake.

Fundi aliporudi alikitazama kile kichwa, akalitazama bomba, akanitazama mimi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema kipande kilichobaki lazima kipashwe moto kwa gesi na kutobolewa, na bolti nyingine itoke Emali, ambako duka lilikuwa limeshafungwa. Jumapili yeye hagusi spana, awe nani aliyekwama. Ikawa Jumatatu.

Nikampigia mama. "Fundi amechelewa," nikamwambia. Maneno yalitoka yenyewe, wala sikuyarudisha.

"Haya," akasema. "Basi wacha nivue."

Jumatatu jioni, nikimrudisha mama kwa shokomzoba mpya, tulipofika penye mashimo mabaya karibu na daraja, kabla ya kupanda, nilipunguza mwendo nikamtazama. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo. Gari lilipita juu ya mashimo yale na hakuamka. Nililia kwa furaha hadi nyumbani.

Kila jioni kina mama wa kanisa walikuja tukaomba pamoja. Mama aliombea mvua, akaombea wajukuu wake, akaombea ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu. Kisha, bila kukosa, akamwombea fundi.

"Bwana, mbariki yule fundi. Umpe mikono myepesi, asimcheleweshe mgonjwa mwingine."

"Amina," wakasema wote. Nami nilisema amina, macho nimeyafumba kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya tisa fundi mwenyewe alikuja na mkewe kumwona mgonjwa, wakiwa na mfuko wa machungwa. Mama alipoambiwa huyo ni nani aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili.

"Ni wewe? Nimekuwa nikikuombea mikono yako. Usikasirike, lakini mgonjwa akisema anaenda nyumbani, kila siku ni kubwa."

Fundi alinitazama. Nilijua ananipa nafasi. Niliinama nikaanza kuyatoa machungwa mfukoni, moja moja, nikiyapanga mezani.

"Ni kweli, mama," akasema hatimaye. "Unisamehe. Endelea kuniombea."

Mama alikaa nyumbani siku kumi na moja. Ningeiacha bolti ile mpaka saa saba, zingekuwa kumi na tatu, na angeenda kanisani kwake Jumapili mbili badala ya moja. Alikufa akiwa amemsamehe fundi.