Mzigo Ambao Sikuukagua

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ofisi ya kilimo Kayanga saa moja kasoro, viatu nimevipiga rangi mpaka vinameta. Afisa Kilimo wa Wilaya, mzee mfupi mwenye sauti ya mhubiri, alivitazama viatu hivyo kwa huruma. Akanikabidhi baiskeli ya chuma, bomba la kunyunyizia dawa na daftari moja.

"Binti," akasema, "gari halipo. Mafuta hayapo. Wakulima wapo. Kituo chako ni Ihembe."

Nikamuuliza kama nitafika kabla ya jua kuwa kali.

"Utafika kabla halijazama. Hilo ndilo ninaloweza kukuahidi."

Nikafika jua likiwa kwenye vilima, viatu havitambuliki, na watoto wa Ihembe wakinikimbilia nyuma wakipiga kelele, "Bibi Shamba! Bibi Shamba!" Sikuwa nimejitambulisha kwa mtu. Bomba la dawa mgongoni lilinitambulisha. Jina hilo limenikaa mpaka leo nina mvi, na nyie vijana mnaojiita maafisa ugani, wenye pikipiki na vishikwambi, niacheni nalo.

Kazi yenyewe ilikuwa migomba na kahawa. Kwa miaka ya mwanzo nilifundisha kupunguza machipukizi, yaani ile migomba midogo inayoota pembeni mwa mama yake, na kupogoa kahawa. Halafu ukaja mnyauko. Ugonjwa huu huingia mgombani kimyakimya. Majani yananyong'onyea kama yamemwagiwa maji ya moto, na ukipasua ndizi unakuta imeoza ndani ingali mbichi. Hauna dawa. Unahamishwa na panga lililokata mgomba mgonjwa likaenda kukata mzima. Unahamishwa pia na chipukizi lililotolewa shamba moja kwenda kupandwa lingine. Kwa hiyo tulifundisha kuvunja ua la mwisho wa mkungu kwa mti wenye panda badala ya panga, kupitisha panga motoni kabla ya kuhama shina, na kutobeba chipukizi la kwetu kwenda popote. Neno hilo la mwisho lilikuwa amri. Niliwaimbia wakulima mpaka wakaanza kuniigiza sauti kwenye harusi.

Nikahamishiwa Kituntu, na huko ndiko nilikopata ugonjwa wangu mwingine, ugonjwa wa safari. Nilikuwa nimesoma chuo cha kilimo na vijana wa kila pembe ya nchi, na mwenzangu mmoja alikuwa Bwana Shamba kule Rungwe, nchi nyingine ya migomba. Tukaandikiana: wakulima wenu waje wajifunze kwetu, wetu waje kwenu. Hiyo ndiyo inaitwa ziara ya mafunzo. Nikapeleka ombi Kayanga.

Mzee akalisoma, akavua miwani. "Fungu la ziara ni tupu, Bibi Shamba."

"Najua, mzee."

"Lakini sijaona kifungu kinachokataza mtu kumtembelea rafiki yake." Akagonga muhuri.

Basi nikajifunza kuizunguka nchi mikono mitupu, na nitawaambia siri yake: usiende mahali ambapo huna mtu. Hoteli ni ya asiye na mtu. Sisi tulilala kwenye kumbi za parokia na za usharika, kwa barua ya padri au mchungaji wetu, na kabla ya kuondoka tuliufagia ukumbi vizuri kuliko tulivyoukuta, ili wanaotufuata wasifungiwe mlango. Tulipanda lori la Mzee Salumu, mwenye duka pale Kayanga, lililopeleka maharage Singida na kurudi na vitunguu. Tulikaa juu ya magunia. Msituige, sheria imekaza siku hizi, lakini nchi ukiiona toka juu ya gunia la maharage huisahau. Chakula kilikuwa ndizi za kuchoma, karanga, na senene, wale panzi watamu wa kwetu, waliokaangwa wakakauka vizuri. Senene walikuwa chakula na pia walikuwa ufunguo. Mlinzi wa ukumbi mmoja Singida alianza kwa kutukataza hata kukaa barazani. Alipoonja senene akatutafutia mikeka.

Safari ya Rungwe ilipofika, nilikagua mizigo pale Omurushaka, tulipopandia lori. Nilifungua vikapu, nikapekua mabegi, nikakung'uta mpaka viatu vya wanaume, kwa sababu ya lile chipukizi la mgomba. Wakulima wote kumi na wawili nikawapitia, isipokuwa mzigo mmoja.

Ma Adventina wa Kituntu alikuwa mkubwa kuliko sisi wote. Binti yake, Editha, aliolewa Rungwe na mwalimu, ilikuwa inakwenda miaka saba, na mama hakuwa ameiona nyumba ya mwanawe wala wajukuu wawili. Nauli ilikuwa ndoto. Aliposikia kijiji tunachokwenda ni kilekile, alikuja kwangu kabla sijamaliza chai, akaniambia, "Bibi Shamba, hata mkiniweka chini ya magunia, naenda." Siku ya safari alikaa na furushi mapajani, limefungwa kwa kitenge kipya.

"Ma, na huo mzigo?" nikauliza.

"Zawadi ya wakwe, waitu," akajibu kwa ile heshima ya kwetu.

Sasa nielezeni, nyie wenye vishikwambi: unampekua vipi mama wa watu mapajani, mbele ya hadhara, zawadi ya wakwe? Mimi nilishindwa. Nikasema, "Safari njema, Ma," nikapita.

Tulisafiri siku nne. Kahama, Singida, Dodoma, Iringa. Wakatoliki walitufundisha nyimbo zao na Walutheri zao, na kufika Iringa hatukujua tena wimbo upi ni wa nani. Wanaume waliishangaa nchi kavu ya katikati. Mmoja akaniuliza kwa dhati watu hawa wasio na migomba wanajificha wapi jua. Ma Adventina hakuuachia mzigo wake hata mara moja. Alilala nao. Tukamtania kwamba amebeba dhahabu, akatabasamu tu.

Rungwe walitupokea kwa vigelegele. Mama mkwe wa Editha, Bibi Tumpe, alikuwa mwenyeji wetu mkuu, mwanamke mrefu mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Chungu cha ndizi kilikuwa jikoni. Editha akaja mbio, akapiga magoti kwa mama yake, wakalia wote wawili, na sisi tukalia kwa kuwasaidia. Kisha mwenzangu Bwana Shamba akasimama kutukaribisha.

"Kwetu hapa mnyauko haujafika," akasema. "Huyu Bibi Shamba ametoka kwao siku nne ili atufundishe tuuzuie usifike."

Wakapiga makofi. Nami nikavimba kichwa kidogo, nakiri. Hapo hapo Ma Adventina akainuka, akafungua kitenge, fundo kwa fundo, akatoa chipukizi la mgomba. Lilikuwa zuri, kisigino chake, pale penye mizizi, kimesafishwa, limekatwa juu kwa ufundi. Akalinyanyua kwa mikono miwili.

"Editha, mwanangu, nimekuletea kibanja cha nyumbani."

Kibanja ni ile migomba inayoizunguka nyumba. Na kwetu binti akiolewa, mama hupeleka chipukizi kutoka kibanja chake, akalipanda kwa mkono wake karibu na jiko la binti. Ni namna ya kumwambia: hata huku hutalala njaa, na wa kwenu tunajua ulipo. Editha alikuwa hajapandiwa. Miaka saba aliishi kwa wakwe kama mtu aliyekuja bila wa kwao.

Mwenzangu akanitazama. Makofi yakaisha. Nilisikia moto unavyolia chini ya chungu, na nilitamani ardhi inimeze. Nimevuka mikoa yote ile na ugonjwa ninaoupigia kelele, huenda umelala mapajani pa mzee niliyemwonea haya. Na nikisema lichomwe, namvua mama nguo mbele ya wakwe zake. Nikinyamaza, likipandwa, pengine watu hawa watakatwa migomba yao yote kwa sababu ya adabu zangu.

Nikaenda, nikapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba. Mbona unaniamkia mara ya pili leo?"

"Kwa sababu nina kosa. Pale Omurushaka nilipaswa kuufungua mzigo huu. Sikuufungua. Kosa ni langu, si lako." Nikasema kwa sauti, wenyeji wote wasikie. Kisha nikamuuliza, "Ma, kibanja cha jirani yako kilianzaje kuumwa?"

Akafikiri. "Kilianza na mgomba mmoja."

"Ulikuwa unaonekana mgonjwa?"

"Wala. Ndio ulikuwa mzuri kuliko yote. Alipewa na dada yake." Akaliangalia chipukizi mikononi mwake, na niliona neno linavyomwingia. Nilikuwa nimelisema mara mia kwenye mashamba darasa na halikuwahi kumwingia hivyo. "Kumbe," akasema polepole, "ningemletea mwanangu njaa."

Sikulichukua mimi. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye moto wa pembeni, akaomba panga, akalikatakata, akaweka vipande motoni. Chipukizi bichi haliungui upesi. Lilichemka, likatoa povu, likavuta moshi, naye akasimama pale mpaka likawa jivu, machozi yanamtiririka bila sauti. Kisha, bila kuambiwa, akaliingiza panga motoni mpaka likawa jekundu. Nilifundisha miaka mingi na sikuwahi kutoa somo zuri kama lile, na halikuwa langu.

Hapo Bibi Tumpe akachukua jembe, akaingia mgombani kwake kwa hatua ndefu. Tulidhani amekasirika. Akarudi na chipukizi nene, udongo bado umelishika.

"Mkwe wangu," akasema, "chipukizi ni la kwangu, lakini mikono ni ya kwako. Kampandie mwanao."

Jamani! Vigelegele vilivyopigwa pale! Ma Adventina alipanda karibu na jiko la Editha, akashindilia udongo kwa kisigino kama tunavyofanya kwetu, na wajukuu wakaleta maji kwenye kikombe. Tukala, tukacheza mpaka mwenzangu, Bwana Shamba mwenye heshima zake, akapoteza kiatu kimoja.

Baadaye Kyerwa ikawa wilaya, nikahamishiwa Nkwenda, chini ya Mkuu wa Idara aliyependa karatasi. Akaniambia, "Bibi Shamba, ziara zako nimezisikia. Niandikie mwongozo." Nikaandika kurasa tatu. Alichokikumbuka ni kipengele kimoja: mizigo yote ikaguliwe, hata iliyo mapajani mwa mama mkwe. Aliuliza kinahusu nini, nikamwambia aje safari ijayo. Akaja, naye akapanda gunia.

Nimestaafu sasa. Watu huniuliza kama sijutii kazi ya kuzungushwa nchi bila posho. Nawajibu kwamba nina mahali pa kulala katika kila mkoa niliopita, na waziri hawezi kusema hivyo. Mwaka jana nilikwenda tena Rungwe, kwa basi, nimekaa kwenye kiti kama mtu. Bibi Tumpe alinisimamisha langoni. "Weka mzigo chini, mwalimu." Akaufungua, akaukung'uta, akakuta senene tu, akacheka kile kicheko chake.

Mgomba ule umekuwa shina kubwa, vizazi na vizazi, na pale nyumbani wanauita Adventina. Nikapewa ndizi zake zilizoiva. Nilizila nikiwa nimekaa jikoni kwa Editha, na sikubeba hata ganda. Niliporudi Kituntu nikaenda moja kwa moja kwa Ma Adventina, ambaye miguu haimruhusu tena safari. Nikampa habari za wajukuu. Alisikiliza yote, halafu akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Na zile ndizi. Ni tamu kuliko zetu?"

Katika kazi yangu yote sikuwahi kutoa taarifa ya uongo. "Hapana, Ma. Zetu ni tamu zaidi."

Akaegemea kiti, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Muongo wewe, Bibi Shamba. Editha ameshanipigia simu. Anasema ulikula tisa."