Bakuli la Kwanza la Meya

Mimi ni mfuga kome, na mtu akiniudhi simung'unyi maneno. Kwa hiyo nasema mapema: tuliyomtendea Soazig Kerdraon hapa kijijini Porz-Melen ni aibu tupu, na wenye aibu hiyo wanapita barabarani kila Jumapili vifua mbele, mkate kwapani, kana kwamba hawakufanya kitu.

Soazig ni wa hapa hapa. Baba yake alikuwa mvuna mwani, mama yake alishona nguo, na yeye akaenda chuoni mjini Brest kusomea bahari. Aliporudi na shahada zake watu walitegemea atakuja na gari, au walau viatu safi. Akaja na ndoo, na wavu wa kitambaa chembamba ajabu, usiopitisha hata vumbi.

"Ala! Miaka yote hiyo shuleni, kumbe alikwenda kusomea kuteka maji!" alisema mume wangu Tudual, na kijiji kizima kikacheka. Tangu siku hiyo jina la Bi Ndoo likamganda.

Kila Jumanne maji yakijaa, Soazig alikwenda kwenye boya moja la njano mbele ya mdomo wa mto, akateka maji, akaburuta wavu wake, akarudi. Manispaa ilikuwa imempa chumba juu ya soko la zamani la samaki, na humo aliinamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Alikuwa akitazama vijimea vya baharini, vile visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo chakula cha kome wangu na cha kila kiumbe kinachoanzia maisha majini. Bila hivyo, sisi sote tungekuwa tunalima viazi. Siku moja nilimuuliza kwa nini ang'ang'anie boya lile lile na bahari yote hii ipo.

"Rozenn, ukitaka kujua kama mtu anakonda, utamtazama mara moja tu?" akaniambia. "Utamtazama yeye yule, wiki baada ya wiki, miaka na miaka. Nikianza kurukaruka sitajua kilichobadilika ni bahari au ni mimi. Na nikikatiza, nilichokosa sikipati tena."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa mali yake duniani: boya, chumba, na Jumanne zake. Ana kasoro, sikatai. Anaongea mno, anasahihisha watu wakiwa na chakula mdomoni, na sauti yake haijui kunong'ona.

Aliyokuwa akiyaona alinieleza mpaka hata mimi nikaelewa. Zamani ghuba yetu ilijaa vijimea vyenye magamba ya kioo, chakula safi kabisa cha kome. Vile vinahitaji mbolea kidogo, na vinahitaji mawe yaliyoyeyuka, yanayoletwa na mto, ili vijijengee yale magamba. Siku hizi mto unashusha mbolea bila kipimo, lakini mawe ni yale yale. Vya kioo vinakwama, kama fundi aliyeletewa sinia la chakula pasipo tofali hata moja. Nafasi yao inashikwa na wengine wasiohitaji kioo, waogeleaji wenye vimkia, na mmoja kati yao ana sumu. Kome anamla na hapati hata kikohozi. Anayepata ni wewe uliyemla kome, na utakaa chooni mpaka ukumbuke dhambi ulizofanya kabla ya kubatizwa.

Na mbolea hiyo inatoka wapi? Panda kilima upepo ukigeuka, pua itakuambia. Ni mabanda ya nguruwe, marefu kuliko kanisa letu, na makubwa kuliko yote ni ya Goulven Abhervé. Huyo ndiye meya wetu.

Sasa, kila Julai tuna Sikukuu ya Kome. Yanapigwa mahema bandarini, zumari zinalia, na kabla mtu yeyote hajatia kitu kinywani, Meya anakula bakuli la kwanza mbele ya watu wote. Ndiyo desturi. Mwaka ule, Jumanne ya kabla ya sikukuu, Soazig alishuka ngazi za soko akikimbia, aproni bado kiunoni. Yule mwenye sumu alikuwa amejaa tele. Nyama ya kome ikapimwa, ikaonekana kweli, na mkoa ukafunga ghuba, kome wasichumwe. Nilifuatana naye kwenda kwa Meya, maana kome waliofungiwa walikuwa wangu pia.

"Bwana Meya, leta kome wa ghuba nyingine," Soazig alimwambia. "Sikukuu itakwenda vizuri tu."

"Kome wa wageni? Kwenye sikukuu yetu? Mama, unanitania au unanitukana?"

"Basi choma soseji. Nguruwe si unao?"

Niliuma mdomo nisicheke. Meya akawa mwekundu hadi masikioni.

"Hao wadudu wako..."

"Si wadudu, ni vijimea."

"Wadudu, vijimea, moto unaua vyote!"

"Moto unaua kijimea, hauui sumu. Kwani ukichemsha kisu kitaacha kukata? Na kwa kuwa tumeanza, Goulven, tumalize: sumu hii haikujileta. Imelishwa na mto, na mto umelishwa na mabanda yenu kule juu."

"Toka," akasema Meya. "Toka ofisini kwangu."

Siku ya sikukuu watu walichomewa soseji kweli. Soseji za nani? Za nguruwe wake mwenyewe, na bei alipanga mwenyewe! Lakini bakuli la kwanza hakuliacha. Aliagiza kome wachumwe kwenye nguzo tunazowafugia ghubani mwetu, dada yangu akashurutishwa kuwapika kwa mvinyo na vitunguu, na mpiga picha wa gazeti akaitwa asogee karibu.

"Goulven, usile!" Soazig alipaza sauti katikati ya umati.

"Bi Ndoo, funga kinywa!" wakamzomea. Walimzomea wafuga kome wenzangu, watu aliowakinga wasiue wateja wao, na mume wangu alikuwamo. Meya akala bakuli zima, akafuta mchuzi kwa mkate, akainua ganda tupu juu, wakampigia makofi.

Zumari zikaanza. Meya ndiye huongoza ngoma, sote tumeshikana vidole vidogo kwa safu ndefu. Haikuzunguka sana. Nilimwona anasimama, uso umekuwa wa kijani, akachomoa kidole chake na kukimbilia nyuma ya mahema. Alilala kitandani siku kadhaa. Gazeti likatoa picha ya bakuli, na yaliyotokea nyuma ya mahema halikuyasema.

Mngedhani amejifunza. Thubutu! Alipoinuka alisema ilikuwa krimu. Krimu ilikuwa imechacha, eti. Dada yangu hakutia krimu hata kijiko, na alisema hivyo kila alipokwenda, lakini kijiji kiliipenda krimu ya Meya kuliko ukweli wa mpishi. Nyani haoni kundule, na huyu wetu hata ukimshikia kioo atasema kioo kimechafuka.

Septemba baraza likakutana. Hoja ilikuwa chumba cha juu ya soko: Meya alisema kinahitajika kwa kuhifadhi mahema. Mahema! Kana kwamba kijiji kizima hakina ghala. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mkono wa Tudual, naye ni diwani, ukapanda pamoja na mingine.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu!" nilipiga kelele kutoka nyuma. "Angekuwa mmoja wenu anafungiwa banda lake, mikono hii yote ingekuwa mifukoni!"

"Mama Rozenn, hapa si sokoni," akasema Meya.

Soazig alisimama. Nilidhani atahutubia mpaka tuzeeke. Aliuliza jambo moja tu: "Na Jumanne, nani ataishika?"

Mimi nililia kwa hasira, nasema wazi, nililia kama mtoto. Yeye alikwenda juu kuifunga hadubini kwa taulo.

Jumanne iliyofuata tulitoka na boti yangu ya kome hadi kwenye boya la njano, na hadubini ikatua juu ya meza ya jikoni kwangu, karibu na dirisha. Tudual alirudi mchana akakuta mahali pa sahani yake pana chupa za maji ya bahari.

"Sasa mimi nitakula wapi?"

"Ulinyoosha mkono, sasa nyoosha miguu," nikamwambia. "Mkahawani kuna viti."

Majira ya baridi yakapita, na hatukukosa Jumanne. Juni, siku moja asubuhi, mlango wa nyuma uligongwa. Alikuwa Katell, mke wa Meya, kitambaa ameshusha hadi kwenye nyusi.

"Rozenn, Soazig yupo?"

"Kuna nini?"

"Wajukuu wamekuja. Wamechuma kome miambani, wanalilia wapikiwe." Akatazama viatu vyake. "Goulven kasema nipite huku nyuma, nimuulize Soazig kwanza."

Damu ilinichemka! "Kaiulize krimu!" nikasema. "Nenda nyumbani ukaiulize krimu!"

Soazig aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Tangazo la mkoa lilikuwa bado halijatoka, lakini yeye alikuwa ameshamwona yule mwenye kimkia tangu jana yake.

"Mdogo wao ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Usiwape. Kome uwamwage. Watoto wapikie kuku leo, na maji yakisafika nitakuja kukuambia mwenyewe."

Akarudisha jicho lake kwenye kioo. Katell alisimama pale mlangoni, akasema asante kwa sauti ndogo. Kisha akanishika mkono.

"Rozenn, mwenzangu, tafadhali. Msimwambie mtu kwamba nilikuja."

Soazig alisema sawa. Mimi sikusema sawa.