Sanda ya Yahaya

Mtaa mzima wa Buyenzi, mwanamke akifa, watu hawakuuliza nani atamwosha. Waliuliza kama Khadidja yuko nyumbani. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito. Alichokiona juu ya kitanda cha kuoshea kilimwagwa pamoja na maji. Alikuwa mjane, mfupi, mkali, mpenda chai ya tangawizi na ugomvi mdogo mdogo wa sokoni. Siasa hakuipenda. Alisema ni kazi ya watu wenye karavati shingoni na dereva.

Lakini mwaka wa tisini na sita wanajeshi wakaichukua nchi, wakafunga vyama, wakapiga marufuku watu kukusanyika. Mazishi nayo yakaingia humo humo. Ikawa mtu akifiwa na mama yake, kwanza akapige foleni ofisini kuomba jirani zake waruhusiwe kumsindikiza makaburini. Hapo Khadidja akachemka.

"Mi naosha watu miaka yote hii," aliwaambia wanawake barazani. "Sijaona mutu anaomba ruhusa ya kufa."

Vijana walipopanga kuandamana hadi katikati ya mji, alijifunga kitenge akatoka nao. Hakuna aliyemtuma, wala hakuna chama kilichomjua. Aliona tu kwamba akikaa ndani atakuwa amekubali, na yeye hakukubali.

Mwanawe Yahaya, fundi wa gereji huko Zone Industrielle, kwenye viwanda, hakuwa mtu wa kelele. Alimfuata kwa sababu, alisema, mama hatembei peke yake. Hawakufika mbali. Vilianza virungu, kisha moshi wa kutoa machozi, kisha risasi za hewani. Ukutani mwa duka moja alisimama Moubarak, kijana wa mtaa wao, aliyelishwa wali kwa Khadidja tangu hajaota meno ya pili. Siku hizi alikuwa mtu wa upelelezi. Akanyoosha kidole: huyu, na huyu, na yule mwenye ovaroli. Mwenye ovaroli alikuwa Yahaya. Wakamtupa kwenye kamyoneti ya jeshi, na huo ndio ukawa mwisho wa kuonekana kwake.

Khadidja hakulia mbele ya watu. Alinunua bafta, akaikata vipande vitatu kwa urefu wa mwanawe, akavikunja. Kila Ijumaa, watu wakitoka msikitini, yeye alikwenda kusimama mbele ya ofisi ya Moubarak na sanda ile mikononi. Askari walimuuliza anataka nini.

"Muko na mutu wangu. Akiwa muzima, mumutoe. Akiwa maiti, mi ndiyo fundi wa maiti. Munipe."

Walimsukuma, siku moja wakampiga kitako cha bunduki begani. Walipochoka wakasema ni kichaa, wakamwacha. Moubarak alipita na gari yake, vioo juu, asimtazame. Jirani wakamsihi aache, amwachie Mungu. Alijibu kwamba sehemu ya Mungu amekwisha kumwachia Mungu. Hii iliyobaki ni yake yeye mwenyewe. Chuki aliilea kama mtoto mchanga, akiamka nayo na kulala nayo, na mimi simlaumu.

Mvua za masika zikaingia, na Mama Moubarak akafa.

Mtaa mzima ukashika pumzi. Marehemu alikuwa ameacha usia kwamba asioshwe na mwingine ila Khadidja. Wengine wakaapa hatakwenda. Wengine wakanong'ona kwamba atakwenda, na heri asingekwenda. Khadidja akachukua ndoo yake, kafuri yake na udi wake, akaenda. Alimwosha yule mwanamke kama anavyooshwa dada: maji ya uvuguvugu, kichwa kimeshikwa kisigonge mbao, nywele zimesukwa mikia mitatu. Waliomsaidia ndani walisema alimwimbia kidogo. Kosa la mtoto hakulipeleka kwa mama.

Jeneza likatolewa uani. Ilikuwa alasiri, na amri ya kutotoka nje ilikuwa haina mchezo siku hizo; maiti asiyezikwa kabla ya jua kuchwa, alilala na wafiwa. Moubarak akasimama mbele ya watu, kanzu mpya, macho mekundu, akasema maneno ambayo kila mtoto wa kwanza husema kwetu kabla mzazi hajabebwa.

"Jamani, kama mama yangu alikosea mutu, amusamehe. Na kama kuna mwenye dai lolote, asimudai mama. Aje kwangu."

Wanaume wakainama kushika jeneza. Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka Khadidja, mikono ingali na maji, sanda ya mwanawe kwapani.

"Mama yako nimemusamehe," alisema. "Sikuwa na dai naye hata siku moja. Umesema mwenye dai aje kwako. Nimekuja. Yahaya iko wapi?"

Moubarak akamgeukia Shehe Faridi, imamu wa mtaa.

"Mama Yahaya," Shehe Faridi alisema taratibu, "maiti ina haki yake. Tusiicheleweshe."

"Wangu imecheleweshwa toka mwaka jana, Shehe."

Mzee wa kwanza akaachia mkono wa jeneza. Wa pili naye akaachia. Wakarudi nyuma mmoja mmoja mpaka jeneza likabaki peke yake na mtoto wa marehemu. Hakuna aliyepiga kelele wala kurusha jiwe. Wapelelezi wenzake wawili waliokuja kuhani walitazama viatu vyao. Jua likazidi kushuka. Moubarak akajaribu kuinua upande mmoja mwenyewe. Jeneza likainama, mama yake akasogea ndani, na wanawake wakapiga ukelele. Akaliweka chini. Akaanza kulia, na Khadidja akamtazama analia kama mtu anayengoja chungu kichemke.

"Nyuma ya magodauni," Moubarak alisema mwishowe. "Pale Zone Industrielle. Kando ya mtaro. Iko peke yake."

"Bebeni," Khadidja akawaambia wanaume.

Wakamzika Mama Moubarak kwa heshima zote. Kisha, watu walipotaka kutawanyika, Khadidja akachukua jembe lenye udongo wa kaburi akamkabidhi Moubarak.

"Twende."

Wakaenda wote, mtaa mzima, barabarani, kitu kilichokatazwa. Yeye mbele na sanda, Moubarak kando yake na jembe. Penye kizuizi cha mwisho askari akainua bunduki, akauliza msafara huu ni wa nini, na ruhusa yake kaitoa nani. Watu wote wakamtazama Moubarak. Mdomo uliponza kichwa: alijua jibu lake kesho litakuwa mezani kwa wakubwa wake, na Khadidja alijua kwamba anajua.

"Nimeitoa mi," Moubarak alisema, akaonyesha kadi yake ya kazi.

Kizuizi kikafunguliwa. Kando ya mtaro akaelekeza mahali, akavua kanzu, akaanza kuchimba. Shehe Faridi, kwa sauti ya chini, akamuuliza Khadidja kama sasa amemsamehe.

"Apana," alisema, akikunjua sanda. "Mwosha huoshwa. Chimba polepole, we Moubarak, usimuumize."