Santuri Isiyo na Jina

Jumanne nilikuwa Utemini, kwenye duka la kurekodi nyimbo, nikisubiri flashi yangu ijazwe nyimbo. Akaingia mzee mmoja na santuri iliyofungwa kwenye kanga. Ilikuwa imepasuka katikati.

"Shikamoo mzee," binti wa dukani alisema.

"Marahaba. Nautaka wimbo huu wa soul. Jumamosi binti yetu anaolewa, na mama yake anataka tuucheze. Ndio tuliocheza siku tuliyojuana."

"Wimbo wenyewe unaitwaje?"

"Sijui. Karatasi yenye jina niliibandua kwa maji ya moto."

Zamani alikuwa dijei, akaeleza, na madijei wote walifanya hivyo ili wenzao wasijue nyimbo zao. Kulikuwa na mwenzake wa Manyoni aliyekuja ukumbini kujifanya anacheza, kumbe anachungulia majina ya santuri akazitafute.

Binti akamsogezea simu auimbe, huenda ikautambua. Mzee akanitazama kwanza, akaziba mdomo kwa kiganja, ndipo akaimba. Simu haikutambua chochote.

"Basi mpigie huyo wa Manyoni. Labda aliupata."

Mzee alifikiri sana, kisha akapiga.

"Ndugu yangu, ule wimbo niliokuwa nafungia disko, uliwahi kuujua?"

Sauti ya kizee ikajibu: "Mpaka leo nautafuta. Unaitwaje?"

"Endelea kutafuta," mzee akasema, akakata simu. Akaifunga santuri yake vizuri, akatuaga kwa furaha na kuondoka.

Jumamosi mama wa bibi harusi atacheza wimbo mwingine. Ila Manyoni nao hawajaupata.