Vikwembe Tulivyomtandikia Naomi

Waliokuwepo siku ile nawataja kwanza, asije mtu akasema nimetunga. Kulikuwa Mama Beatrice, anayeongoza kwaya yetu ya wamama, ambaye sauti yake unaisikia hata ukiwa ng'ambo ya robot, zile taa za barabarani. Kulikuwa mdogo wake, Mama Esperance, wa tumbo moja. Kulikuwa jirani yangu Mama Riziki, Mtanzania wa Kigoma, Mwislamu, si wa kanisa letu lakini hakuna furaha yangu inayompita. Kulikuwa Papa Dieudonné, kocha, mtu wa kwetu Uvira kabisa. Na kulikuwa Naomi, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Furaha, miaka kumi na tatu, ambaye siku ile ilikuwa ya kwake. Furaha mwenyewe alikuwa kazini kwenye depo kule Mobeni. Na mimi nilikuwepo, ingawa mpaka leo nikikumbuka naona uso unaniwaka, na nikipita karibu na kile kiwanja kwenye teksi naangalia upande mwingine.

Naomi alikuwa anacheza mpira. Mimi sijui mpira, lakini nilikuwa naona wavulana wa jengo letu wanavyogombana chini pale kwenye parking nani awe naye, kwa sababu ya ule mguu wake wa kushoto. Vakansi ya baridi ilipokaribia (huku kusini baridi inakuja mwezi wa saba, na mimi miaka yote hii bado nashangaa) Furaha akaniambia, "Mama, kambi za mpira ziko mbili, moja Pinetown, moja Isipingo. Mimi kazini hawaniachii hata siku. Nenda uone, ile utachagua njo hiyo ataenda." Alinipa heshima hiyo, nami nikaenda nayo kifua mbele.

Tulianza Pinetown, mimi na Naomi. Kocha wa kule ni msichana, Zanele, tukamkuta amekaa kwenye kiti pembeni ya kiwanja, blanketi kwenye magoti, anatafuna chingamu. Hakusimama. Aliinua mkono, tena wa kushoto, akasema, "Sharp, Gogo," yaani bibi, basi, salamu ikaisha, akamgeukia Naomi, akamrushia mpira, Naomi akautuliza juu ya kiatu kama yai, wakacheka wote wawili kama watu waliozoeana siku nyingi. Mimi nimesimama. Kwetu mtu utakayemwachia mtoto anasimama, anashika mkono wako kwa mikono yake miwili, anakuuliza habari za njia, habari za waliobaki nyumbani, ndiyo unajua mtoto atakuwa salama. Nikaingojea hiyo salamu kama mtu anayengojea teksi iliyokwisha pita.

Isipingo sasa! Papa Dieudonné alitufuata mpaka getini, viatu vinang'aa, tukagusana vipaji vya uso mara tatu kama kwetu, akaniletea kiti, akaniuliza habari za presha, habari za magoti, akayaombea yale magoti. Tena mtu wa watu hakunificha, alisema, "Mama, kwa sasa tuko na wadogo-wadogo. Wakubwa tunawangojea." Nilitaka kumwuliza ni wakubwa gani, na wakikosa kuja itakuwaje. Lakini mtu ametoka kuyaombea magoti yako, utamhoji kama polisi? Nikasema, "Papa, nimekuachia mtoto."

Kwenye teksi Naomi akaniambia polepole, "Koko, kule Pinetown siku ya mwisho wanakuja watu wa timu kubwa ya wasichana. Wanachagua. Kocha Zanele amesema nisikose."

Nikamjibu (na maneno haya ningeweza kuyarudisha mdomoni ningeyarudisha), "Mungu anaona hata Isipingo."

Akaangalia dirishani. "Ndiyo, Koko."

Kambi ikaanza. Kila asubuhi anaondoka na viatu vyake vya mpira, jioni anarudi, namwuliza ilikuwa aje, anasema, "Bien, Koko," anakula, analala. Mimi ndiye niliyekuwa nafua nguo zake, kwa mkono, mashine ya Furaha siiamini, na zilikuwa zinarudi safi, hakuna tope, hakuna majani, magoti yake hayana hata mkwaruzo. Mama Riziki aliziona kwenye kamba akasema, "Dada, hizi ndizo nguo za mtu aliyeshinda uwanjani?"

"Hawamfikii, Mama Riziki! Hawamfikii, watamchafulia wapi?"

Akacheka, akaniacha na ujinga wangu.

Nami nikautangaza kanisani. Jumapili nikamwambia Mama Beatrice kwamba mjukuu wangu anamaliza kambi na wote wamemshindwa (nani aliniambia wamemshindwa? Kamba ya nguo). Mama Beatrice si mtu wa kumwambia kitu nusu. Kwetu mtoto aliyeshinda, awe wa masomo awe wa nini, anapokelewa kwa wimbo, anamwagiwa poda kichwani, na wamama wanamtandikia vikwembe, vile vitenge vyao vya kujifunga, chini ili miguu yake isikanyage vumbi. Akasema huyu lazima apokelewe, na kitenge kiwe kimoja, kile chetu cha sikukuu. Hata Mama Riziki akaazimwa kimoja.

Siku moja kabla, Naomi alikuja nikiwa nachambua sombe, majani ya muhogo. "Koko, kesho usikuje."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Usikuje, tafadhali."

Nikamshika shavu. Nilidhani ni adabu, mtoto hataki kusifiwa mbele ya watu. Nilijisifu mwenyewe kwamba nimelea.

Tulianza kuimba tangu getini. Wazazi wakageuka, wengine wakatoa simu, Papa Dieudonné akakimbia kuja kutupokea na uso wake ulikuwa na kitu nilichokisoma vibaya. Nikatafuta kundi la wakubwa. Nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia. Kiwanjani kulikuwa na watoto wanaonifikia kiunoni, miaka mitano, sita, wanaukimbilia mpira mmoja wote pamoja kama vifaranga, na katikati yao mtu mmoja mrefu, ameinama, anamfunga mtoto kamba za viatu. Alikuwa Naomi.

Wakubwa hawakuja. Wote walikwenda Pinetown.

Nilitaka kusema "tuache", lakini Mama Beatrice akishaanza wimbo haukatiki, tena macho yake ya mbali hayaoni vizuri. "Ni yule mrefu!" akapaza. "Amewazidi wote! Amewazidi!" Vigelegele. Mama Esperance akafungua kikwembe chake, akakitandika kwenye majani, wengine wakafuata, mpira wa wale wadogo ukasimama, na baba mmoja pale kwenye uzio akasema, "Eish, hii ni Kombe la Dunia?" watu wakacheka. Poda ikamwagika kwenye nywele za Naomi.

Akaniangalia. Angeweza kukataa. Angeweza kukimbia, na nawaambia ukweli, niliomba akimbie. Lakini yule mtoto aliweka mpira chini, akainamisha kichwa, akapita juu ya vikwembe vyote, cha kwanza mpaka cha mwisho, hakuruka hata kimoja, na mtoto mmoja wa miaka mitano anayeitwa Blessing amemshika kidole, anapungia watu mkono kama bibi arusi. Mwishoni akapiga goti kidogo. "Asante, Koko. Asante, wamama."

Kwenye teksi alikuwa bado na poda masikioni. Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umeshawaambia wamama."

Tangu siku ile mpaka leo hajanitupia hata neno moja la lawama, na ningependa anitupie.

Baadaye, vakansi imekwisha, nikakutana na Kocha Zanele kwenye stendi ya teksi Isipingo. Alikuwa amekaa kwenye benchi, akaniona, akaanza kusimama, na kusimama kwake kulichukua muda, kwa sababu alikuwa na magongo mawili. Goti lilipasuliwa, akaniambia, tangu kabla ya kambi. Ile siku ya blanketi alikuwa hawezi kusimama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kabisa kama kwetu, gongo moja likaanguka chini na hakuliangalia. "Gogo, yuko wapi yule wangu wa mguu wa kushoto? Nilimngojea mpaka wale watu wakaondoka." Kiingereza changu ni kidogo, lakini hicho nilikielewa chote.

Baridi iliyofuata nikamwambia Naomi mwenyewe, twende Pinetown, nitakupeleka na nitakaa nje ya geti. Akasema, "Hapana, Koko, niko na masomo." Viatu viko chini ya kitanda, havimwingii tena. Wavulana walikuwa bado wanamwita kutoka parking, Naomi! Naomi!, wakachoka. Sasa jioni pale chini nasikia mpira tu unavyogonga ukuta.

Sitachagua tena kitu cha mtoto kwa ajili ya salamu niliyopewa mimi. Nitamwuliza mwenye miguu, na akiniambia nisije, nitabaki nyumbani na kitenge changu kabatini.

Sasa ninyi mliokuwepo, Mama Beatrice, Mama Esperance, Mama Riziki, kama kuna jina nimekosea, au kama Blessing alikuwa na miaka minne, nisahihisheni, kichwa kimezeeka. Nilimsomea Naomi haya yote nikamwuliza kama ndivyo yalivyokuwa. Akasema, "Ni hivyo, Koko." Lakini huyo hata nikikosea hawezi kuniambia, njo maana nawaomba ninyi.